Jenga mwenyewe chaja ya seli ya lithiamu inayokuhesabia chaji

Kila wiki maswali ni yaleyale. "Fundi, taa ya bluu imewaka lakini tochi inazima baada ya dakika kumi, chaja ndiyo mbovu?" "Betri imeandikwa 9900, mbona haifiki hata saa tatu usiku?" "Nitajuaje seli imebakiza kiasi gani?" Nimeyajibu mara nyingi nikiwa mlangoni pa karakana hapa Tandika, Dar es Salaam, mengine kwa simu usiku umeme ukiwa umekatika, na kila mara nasahau kipande kimoja. Leo nayaandika yote, uyaweke mezani wakati unafanya kazi.

Tutajenga chaja ya seli moja ya lithiamu, ile ya mviringo iitwayo 18650, kwa moduli ya TP4056, yaani bodi ndogo ya kuchajia inayouzwa tayari. Kisha tutaiwekea kihisi mkondo cha INA219 na bodi ya Arduino Nano (kompyuta ndogo unayoiwekea programu), ili uone kwa namba volti za seli, miliampea zinazoingia na jumla ya chaji iliyoingia tangu ulipoanza. Taa ya moduli inakuambia tu kwamba kuchaji kumekoma. Haikuambii kimeingia kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Nano ndiyo daftari letu.

Kabla hujaanza

Hakikisha kwanza seli yako ni ya aina inayofaa. Chaja hii ni ya seli zinazojaa kwa volti 4.2, ambazo ubavuni huandikwa 3.6V au 3.7V. Taa nyingi za sola zina seli za lithiamu fosfeti, zimeandikwa 3.2V, na hizo hujaa kwa volti 3.65. Ukiiweka moja kwenye TP4056 utaizidishia chaji. Zinafanana umbo kabisa, kwa hiyo soma maandishi. Na usijaribu kuchaji seli mbili zilizofuatana mstari mmoja kwa moduli moja ya namna hii. Hizo zinataka volti 8.4 na bodi yake ya kusawazisha.

Vitu utakavyohitaji, na vyote vinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki na simu:

- Moduli ya TP4056 yenye ulinzi. Utaitambua kwa kuwa ina B+ na B- (za seli), OUT+ na OUT- (za kutolea umeme). Yenye B+ na B- peke yake haina ulinzi, iache dukani. Yenye ulinzi ina chipu tatu: ile kubwa, na mbili ndogo zinazoandikwa DW01A na 8205A.
- Moduli ya INA219. Iangalie iwe na rezista bapa iliyoandikwa R100, yaani ohm 0.1.
- Arduino Nano na kebo yake. Kebo iwe ya kupitisha data, maana nyingine hupitisha umeme tu.
- Adapta ya simu ya volti 5 yenye matundu mawili ya USB, angalau ampea 2.
- Holda ya seli moja, fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake, na kitufe kidogo cha kubonyeza.
- Rezista ya kilo-ohm 2, na nyingine kubwa ya ohm 4.7 yenye uwezo wa wati 10.
- Maltimita, chuma cha kulehemia, lehemu, waya laini mnene kidogo kwa njia ya seli na waya nyembamba kwa Nano.
- Mizani ya jikoni. Nitakuambia ya nini.
- Sinia ya chuma au kipande cha kigae cha kuweka seli juu yake, na ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Usifanye kazi hii juu ya godoro, kapeti au karibu na chandarua. Seli inayochaji isiachwe peke yake, na usiku ukienda kulala, ichomoe.

Kuchagua seli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu zaidi ya nusu ya chaja "mbovu" zinazoletwa kwangu ni nzima. Seli ndiyo imekufa.

Seli za 18650 zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndani ya umbo hilo, seli nzuri zinazouzwa kwa kawaida zinafika miliampea-saa 3,500 hivi (mAh, yaani miliampea zikizidishwa kwa saa, ndicho kipimo cha chaji). Kwa hiyo ukiona 9900 au 8800 ubavuni, hiyo namba si ya kweli, hata karatasi yake ing'ae namna gani. Sasa chukua ile mizani. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, mara nyingi kati ya 43 na 49. Niliwahi kuletewa seli nne nyekundu mpya, zikiwa bado kwenye nailoni. Ya kwanza ilisoma gramu 29, nyingine hazikufika 32. Mwenye nazo alikuwa amezinunulia taa za kuku wake. Tulipoipima moja kwa chaja kama hii tunayojenga, ilipokea miliampea-saa 610 ikajaa.

Seli kutoka betri za zamani za laptopu ni nafuu na nyingi ni za kweli, lakini zimechoka kwa viwango tofauti. Zichuje hivi. Yenye kutu, kovu, kimiminika au harufu tamu kama ya rangi ya kucha, weka kando moja kwa moja. Halafu pima volti. Ikisoma zaidi ya 3.0 ni ya kujaribu. Kati ya 2.5 na 3.0 jaribu kwa uangalifu ukiwa umekaa nayo. Chini ya 2.0 usiifufue: shaba ya ndani huanza kuyeyuka seli ikikaa tupu muda mrefu, na ukiichaji inaweza kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Najua inauma kuitupa, lakini itupe. Ifunge ncha zote mbili kwa tepu na usiichanganye na taka zinazochomwa moto.

Hatua kwa hatua

1. Pima adapta ikiwa na kazi. Adapta nyingi husoma 5.1 zikiwa tupu, zikipewa mzigo zinaanguka hadi 4.5. Iunganishe na ile rezista ya ohm 4.7 kwa dakika moja, kwa kebo utakayoitumia, ukipima volti kwenye miguu ya rezista. Inatakiwa ibaki juu ya 4.75. Ikianguka, badilisha kebo kwanza kabla ya kuilaumu adapta. Rezista itapata moto sana, ishike kwa koleo.

2. Punguza mkondo wa kuchaji. Moduli ikitoka dukani imepangwa kuchaji kwa ampea 1, kwa kutumia rezista ndogo ya kilo-ohm 1.2, mara nyingi imechapwa R3 pembeni na juu yake imeandikwa 122. Kwa seli iliyotumika, ampea 1 ni nyingi. Itoe, weka ya kilo-ohm 2, utapata miliampea 580 hadi 600. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 1,200 kwa kilo-ohm ulizoweka, jibu ni miliampea.

Kuna sababu ya pili, na sisi wa pwani inatuhusu sana. TP4056 hupunguza volti kwa kuzigeuza joto. Seli ikiwa na volti 3.0 na adapta 5.0, ampea 1 inachoma wati 2 kwenye chipu ndogo kuliko ukucha. Mwezi wa Februari, chini ya bati, hiyo chipu haishikiki, na yenyewe inajipunguzia mkondo ili isiungue. Seli nayo haitakiwi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45. Kwa miliampea 580 mambo yote yanatulia.

3. Pitisha njia ya chanya kwenye kihisi. Tumia waya mnene, ufuate mpangilio huu:

B+ ya moduli → Vin+ ya INA219 → Vin- ya INA219 → fyuzi → chanya ya holda.

Hasi ya holda inakwenda moja kwa moja B-. Lehemu vizuri, waya zisizidi sentimita kumi. Usilehemu waya kwenye mwili wa seli. Joto la chuma linaharibu utando wa ndani, ndiyo maana tunatumia holda.

Kwa mpangilio huu, mkondo ukiingia kwenye seli utasoma chanya, na ukitoka utasoma hasi. INA219 hupima volti upande wa Vin-, kwa hiyo itakuonyesha volti zilizo karibu kabisa na za seli yenyewe.

4. Graundi (GND, njia ya hasi ya pamoja) iende OUT-, kamwe isiende B-. Soma kipengele hiki mara mbili. Waya wa GND wa INA219 na GND wa Nano, vyote viunganishe na OUT- ya moduli.

Ulinzi wa moduli hii unafanya kazi kwa kukata upande wa hasi. Kati ya B- na OUT- kuna transista mbili ndani ya chipu ya 8205A; seli ikishuka hadi volti 2.4, DW01A inazifunga. OUT- na hasi ya USB ni njia moja. Sasa ukipeleka GND ya Nano kwenye B-, na Nano imechomekwa kwenye adapta ileile, umetengeneza daraja: B- inafika OUT- kupitia waya za USB, na ulinzi umezungukwa. Kila kitu kitaonekana kinafanya kazi vizuri. Taa zitawaka, namba zitakuja.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilikuwa nimepeleka graundi B- kwa sababu tu tundu lilikuwa karibu. Ijumaa jioni umeme ukakatika, nikafunga karakana nikiwa nimeacha taa ndogo imeunganishwa OUT. Jumatatu asubuhi seli yangu nzuri kuliko zote ilisoma volti 0.9. DW01A ilikuwa nzima na ilikuwa imefunga mlango wake, ila umeme ulipita dirishani.

5. Unganisha INA219 na Nano. VCC kwenye 5V, GND kama tulivyosema, SDA kwenye A4, SCL kwenye A5. Kitufe kiweke kati ya D4 na GND. Hicho ni cha kufuta hesabu. Nano iwashe kwa kebo yake ya USB, na moduli ya TP4056 kwa kebo yake. Usivute waya kutoka 5V ya Nano kwenda IN+ ya moduli ili kuokoa kebo moja: siku utakayochomeka Nano kwenye kompyuta, utakuwa unachaji seli kwa umeme wa kompyuta bila kujua.

6. Kagua kabla ya kuweka seli. Holda ikiwa tupu na USB zote zimechomolewa, weka maltimita kwenye alama ya mlio. Gusa chanya na hasi za holda: isilie. Gusa B- na OUT-: ni sawa ikisoma namba fulani, lakini isilie kama waya mmoja. Ikilia, rudi hatua ya 4. Kisha fuata kwa jicho waya wa chanya wa holda hadi B+, bila kuamini rangi. TP4056 haina kinga ya seli iliyogeuzwa. Ukikosea, moshi unatoka kabla hujasema lolote.

Jambo jingine linalowaunguza wengi: ukishapima ampea kwa maltimita, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti saa ileile. Ukiusahau kwenye tundu la 10A halafu ukagusa ncha za seli, umeipiga shoti seli kwa mkono wako.

7. Weka programu. Kwenye Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuiandikia Nano, fungua sehemu ya maktaba, tafuta Adafruit INA219 na uisakinishe. Kisha nakili hii:

```
#include <Wire.h>
#include <EEPROM.h>
#include <Adafruit_INA219.h>

Adafruit_INA219 kihisi;
float mAh = 0;
unsigned long mwisho = 0;
unsigned long hifadhi = 0;

void setup() {
  pinMode(4, INPUT_PULLUP);
  Serial.begin(9600);
  if (!kihisi.begin()) {
    Serial.println("Kihisi hakionekani");
    while (1);
  }
  EEPROM.get(0, mAh);
  if (isnan(mAh)) mAh = 0;
  mwisho = millis();
}

void loop() {
  float volti = kihisi.getBusVoltage_V();
  float mA = kihisi.getCurrent_mA();
  unsigned long sasa = millis();
  mAh += mA * (sasa - mwisho) / 3600000.0;
  mwisho = sasa;

  if (digitalRead(4) == LOW) {
    mAh = 0;
    EEPROM.put(0, mAh);
  }
  if (sasa - hifadhi > 300000UL) {
    EEPROM.put(0, mAh);
    hifadhi = sasa;
  }
  Serial.print(volti, 2), Serial.print(" V   ");
  Serial.print(mA, 0), Serial.print(" mA   ");
  Serial.print(mAh, 1), Serial.println(" mAh");
  delay(1000);
}
```

Ipakie kwenye Nano. Namba utaziona kwenye kompyuta, Nano ikiwa imechomekwa hapo na dirisha la Serial Monitor la Arduino IDE likiwa wazi. Kila sekunde Nano inachukua miliampea zilizopita, inazizidisha kwa muda na kuziongeza kwenye jumla. Kila dakika tano inaandika jumla hiyo kwenye kumbukumbu isiyofutika, ili umeme ukikatika katikati usianze upya. Usipunguze muda huo uwe wa kila sekunde: kumbukumbu ya Nano imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila sehemu, na kwa sekunde moja moja utaimaliza ndani ya siku mbili. Ukitaka kioo kidogo cha OLED, kitumie A4 na A5 zilezile. Anwani yake kwa kawaida ni 0x3C na ya INA219 ni 0x40, hazigongani.

8. Weka seli, kisha chomeka moduli. Shika kitufe sekunde mbili hesabu ifutike. Taa nyekundu itawaka. Kaa karibu nusu saa ya kwanza, mkono ukiigusa seli mara kwa mara. Seli nzima inabaki baridi au vuguvugu kidogo. Ikianza kuwa ya moto wakati mkondo ni miliampea 580 tu, chomoa, iweke nje kwenye mchanga, na usiirudishe tena.

9. Soma namba kama hadithi moja. Hizi ni za seli moja ya laptopu niliyoipima nikiandika mwongozo huu. Ilianza volti 3.21, mkondo 586. Baada ya saa moja 3.74, mkondo uleule. Baada ya saa mbili na nusu ikafika 4.14, na hapo mkondo ukaanza kuteremka: 430, 260, 140, 80. Ulipokaribia 58, yaani sehemu moja ya kumi ya ule tuliopanga, ukakata kuwa sifuri na taa ya bluu ikawaka. Jumla: miliampea-saa 1,655. Seli ilikuwa imeandikwa 2200, kwa hiyo imebakiza robo tatu ya nguvu zake. Kwa taa ya mezani inafaa kabisa.

Usishtuke mkondo kuanza kushuka kwenye 4.14 badala ya 4.20. Moduli inapima volti kabla ya kihisi, na rezista ya ohm 0.1 inakula volti 0.06 kwa mkondo ule. Mkondo ukipungua tofauti nayo inapungua, na seli inajaa ipasavyo, ila inachelewa kidogo.

10. Pima uwezo wa kutoa. Hiki ndicho kipimo cha haki unaponunua seli nyingi. Seli ikiwa imejaa, chomoa kebo ya moduli, acha ya Nano. Futa hesabu. Unganisha rezista ya ohm 4.7 kati ya OUT+ na OUT-, juu ya kigae. Mkondo utasoma hasi, karibu miliampea 850, na jumla itashuka chini ya sifuri. Volti zikifika 3.0, ondoa rezista. Usisubiri ulinzi ukate kwenye 2.4, ule ni wa dharura, na kila ukiushusha hapo unaila seli. Namba uliyoipata, bila alama ya kutoa, ndiyo uwezo wa seli yako. Iandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito pamoja na tarehe.

Ukitaka kukadiria chaji iliyobaki kwa volti tu, iache seli ipumzike nusu saa bila kazi. Takribani, 4.2 ni imejaa, 4.0 ni asilimia 80, 3.8 ni nusu, 3.6 ni asilimia 10 hivi. Katikati pale, kati ya 3.9 na 3.7, volti hazisogei sana wakati chaji inaondoka nyingi, ndiyo maana nimekusumbua kuweka kihisi.

Mambo yakikataa

*"Kihisi hakionekani."* Mara nyingi pini za INA219 zimesimamishwa tu bila kulehemiwa. Kama zimelehemiwa, badilishana waya za A4 na A5.

*Mkondo unasoma hasi wakati wa kuchaji.* Umegeuza Vin+ na Vin-. Geuza waya, usigeuze alama kwenye programu, kwa sababu volti nazo zitakuwa zinapimwa upande usiofaa.

*Nimeweka seli nzima lakini OUT haina umeme.* Ulinzi huwa umefunga unapoweka seli mara ya kwanza. Chomeka USB ya moduli kwa sekunde mbili, utafunguka.

*Nano inasoma volti karibu na sifuri, maltimita kwenye seli inasoma 2.4.* Ulinzi umekata kwa sababu seli imeisha. Chaji.

*Taa ya bluu inawaka na nyekundu inapepesa bila seli.* Ni kawaida yake. Ikifanya hivyo seli ikiwemo, sukuma springi za holda. Za bei rahisi hulegea, na zinashika kutu haraka kwa hewa yetu ya chumvi.

*Taa nyekundu haizimi hata baada ya saa nane.* Angalia OUT. Ukiwa umeunganisha taa au redio wakati unachaji, inakula mkondo na moduli haioni ukishuka hadi kiwango cha kukata. Ondoa mzigo. Kama OUT iko tupu na mkondo umegoma kwenye miliampea 80 au 100 huku volti zimesimama 4.19, seli inavuja ndani. Iondoe.

*Imejaa ndani ya dakika kumi na mbili.* Tazama jumla: utakuta miliampea-saa 100 au chini. Upinzani wa ndani umepanda, volti zinaruka juu mara tu mkondo unapoingia. Thibitisha hivi: pima seli bila mzigo, kisha ikiwa na ile rezista. Gawanya tofauti ya volti kwa ampea. Seli nzuri haizidi ohm 0.1. Juu ya 0.25, hakuna chaja itakayoirudisha.

*Jumla inapungua kidogo kila nikifungua dirisha la Serial Monitor.* Nano inajiwasha upya ukilifungua, na inaanza na namba iliyohifadhiwa mwisho. Unapoteza dakika zisizozidi tano. Lifungue mara moja mwanzoni, uliache wazi.

*Fyuzi imekatika.* Usiweke waya mahali pake. Toa seli, rudia hatua ya 6 yote, utafute shoti ilipo. Kwenye bodi nyingi nilizoziona ilikuwa tone la lehemu kati ya B+ na pini ya jirani.